Kukaza Si Mila: Juu ya Nywele Zinazokimbia Panja za Binti Zetu

Kuna neno linalorudi katika kila mazungumzo yetu juu ya mila, nasi tumechoka kulisikia bila kulijibu. Linasemwa hivi: kusuka nywele ni urithi wa mababu, basi yeyote anayelalamika juu ya misuko ya siku hizi amekuwa Mzungu. Lingesemwa na vijana peke yao tungenyamaza. Lakini linasemwa na wazee wenye heshima, na bamama waliosoma, na hata walimu, wakati mbele yao amekaa msichana wa miaka 14 ambaye nywele za panja zimekwisha kukimbia na paji la uso limepanda kama la babu yake. Kila mtu anamwona. Kila mtu anajifanya haoni.

Sisi tunasema: kusuka ni mila, kukaza si mila. Na upara ule mdogo unaoanza juu ya masikio una sababu inayojulikana. Ukiwahiwa unapona, ukicheleweshwa haurudi nyuma tena. Ndiyo maana ukimya wetu unatugharimu.

Tuanze na sababu zinazotajwa hapa mjini. Ukiuliza Majengo ao Ndosho, wa kwanza atakuambia ni volkano: vumbi lile la Nyiragongo linachoma nywele. Wa pili atasema ni maji ya ziwa, ao dawa inayotiwa ndani yake ili yanywewe. Wa tatu atainamisha sauti: "Iko kitu walimutupia." Haya, tuyapime. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka Januari 2002, ukalipuka tena Mei 2021, na siku zote uko pale unatoa moshi. Vumbi lake linaanguka juu ya kichwa cha baba, cha mama, cha mtoto mwanamume na cha mwanajeshi barabarani. Maji ya ziwa tunanawa sisi wote. Kwa nini basi vumbi hilo na maji hayo yachague wasichana, yaache kaka zao? Na kwa nini, juu ya kichwa cha msichana huyo huyo, yaache utosi na kisogo, yale tu ukingo wa mbele na sehemu iliyo juu ya masikio, mahali pale pale ambapo msuko unaanzia na kuvuta kwa nguvu zote? Mchawi mwenye kufuata mistari ya msuko namna hiyo angekuwa msusi.

Sababu ni kuvutwa. Unywele umeota ndani ya kifuko kidogo katika ngozi, na kifuko hicho ni kitu hai, kinalishwa na damu. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kila siku zinaanguka kati ya 50 na 100 bila ubaya wowote, kwa sababu nyingine ziko njiani kuota. Lakini unywele unaovutwa usiku na mchana, juma baada ya juma, na juu yake umefungwa uzito wa meshi ndefu hadi kiunoni, unaumiza kifuko chake. Kwanza ngozi inauma na kuwasha. Kisha vinatokea vipele vidogo kwenye mashina ya nywele, ambavyo bamama wanavipaka pomadi na kusema ni joto. Kisha nywele za pale zinaota nyembamba na fupi, kama za mtoto mchanga. Mwishoni kifuko kinageuka kovu, na kovu haliotishi kitu. Waganga wa hospitali wanaiita alopesia ya kuvutwa, nao wana alama moja wanayoitafuta: mstari wa nywele fupi fupi unaobaki mbele kabisa, kwenye mpaka wa paji la uso, na nyuma yake uwanja mtupu. Nywele zile zilibaki kwa sababu zilikuwa fupi mno, vidole vya msusi havikuzishika. Hapo ushahidi umekamilika.

Wale wanaodhani tunalaumu Afrika wajue ugonjwa huu uliandikwa kwanza mwaka 1907, tena si kwetu. Uliandikwa juu ya wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, ambao walikuwa wakifunga nywele zao kwa kukaza sana juu ya kichwa. Meshi hawakuwa nazo. Umeonekana pia kwa wanaume Masingasinga, ambao dini yao inawataka wafuge nywele na kuzifunga chini ya kilemba. Karibu zaidi nasi, kule Cape Town, watafiti waliochunguza vichwa vya wanawake Waafrika na kuandika mwaka 2007 walikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu ana alama zake, na wasichana wa shule zaidi ya mmoja kati ya kumi. Waliona vilevile kwamba hatari inazidi pale nywele zilizonyooshwa kwa dawa zinaposukwa na kukazwa. Dawa hizo za kunyoosha zina alkali kali inayolegeza unywele wenyewe. Ukiisha kuulegeza unaufunga meshi na kuuvuta. Sijui tungefanya nini zaidi kama tungetaka kuung'oa kwa makusudi.

Sasa turudi kwa mababu, kwa maana wanaitwa kila mara kuwa mashahidi bila kuulizwa. Ni kweli walisuka. Walisuka kwa vidole, na walisuka kwa uzi, ule uzi mweusi unaozungushwa kwenye fungu la nywele mpaka linasimama kama kijiti. Walisuka nywele zenyewe, zenye urefu wake wenyewe. Mama alimsuka binti yake jioni nyumbani, na msuko ukifunguka, ulisukwa mwingine bila makuta. Mtu ambaye hakulipa kitu hana sababu ya kutaka msuko udumu miezi mitatu. Na hapa ndipo tunapoona mzizi wa jambo: tunakaza kwa sababu tumelipa. Meshi zimenunuliwa kwa dola, mikono ya msusi imelipwa, siku nzima imepotea juu ya kiti, basi kila mtu anataka kazi ikae. Utasikia mteja mwenyewe akisema: "Mama, kaza muzuri, isifunguke mbio." Mtoto akilia, anajibiwa: "Vumilia, utapendeza. Kama haiume, haiko ya muzuri." Hayo si maneno ya mababu, ni hesabu ya soko.

Tena mababu walijua kupumzisha kichwa. Walinyoa. Katika makabila mengi ya hapa kwetu, kilio kikiisha watu walinyolewa, na nywele zikaanza upya. Wazee wa kike walikata nywele fupi bila aibu. Tazama amasunzu ya wenzetu wanaosema Kinyarwanda, yale yaliyopigwa picha nyingi Rwanda mwanzoni mwa karne iliyopita: vijana wanaume na wasichana wasioolewa walinyolewa sehemu za kichwa, zikaachwa nywele zilizosimama kama migongo ya milima. Ni pambo la fahari kabisa, na hakuna unywele hata mmoja uliovutwa. Wembe hauharibu kifuko. Wala haufanyi nywele ziote nene zaidi, kama wengi wanavyoamini. Unakata kilicho juu ya ngozi tu.

Lakini hatutaki kudanganya kwa upande wetu pia. Si kila kitu cha zamani kilikuwa laini. Wamangbetu wa Uele walifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili virefuke, na wanawake wao walivutia nywele juu, zikapanuliwa kama duara nyuma ya kichwa. Picha zilizopigwa na msafara wa makumbusho ya New York kati ya 1909 na 1915 zimezunguka dunia nzima, na kila kitabu cha sanaa ya Kongo kinazionyesha. Uzuri wake haukanushiki. Na Wamangbetu wameacha kufunga vichwa, nao wangali Wamangbetu. Basi ikiwa kitu ni cha zamani, hilo peke yake halithibitishi kwamba hakiumizi, na ikiwa tunakiacha, haimaanishi tumejikana.

Wala hatuchukii meshi kwa sababu ni ngeni. Nyuzi hizi za plastiki zilianza kutengenezwa Japani katika miaka ya 1950, na zimekuwa zetu kama sambaza walivyokuwa wetu. Nani leo anakumbuka, akinunua sambaza pale Kituku, kwamba samaki hao waliletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959? Tunawala, tunawapenda, tunawaita chakula chetu. Ugeni si kosa. Tunachokataa ni kumpandisha mgeni kwenye kiti cha mababu ili asiulizwe chochote.

Tuseme pia, kwa haki, kwamba si kila nywele zinazoanguka zimevutwa. Kuna kuanguka kwa aina nyingine, ambako hakuchagui panja: nywele zinapungua kichwa kizima, zinajaa kwenye kitana na kwenye mto asubuhi. Huko hutokea miezi miwili ao mitatu baada ya mwili kupata pigo: homa kali, malaria, tifoidi, upasuaji, kuzaa, njaa, msiba. Mwili ukiwa katika shida unasimamisha kazi isiyo ya lazima, na kuotesha nywele si kazi ya lazima. Zile zilizosimama zinakaa mahali pake kwa miezi michache, kisha zinaanguka pamoja. Tumesikia bamama wakisema kwamba mtoto akianza kucheka na kumjua mama yake, nywele za mama zinaanguka. Vijana wanawacheka. Kumbe hesabu yao ni sawa kabisa: mtoto anaanza kucheka karibu na mwezi wa tatu, na ndio wakati huo huo. Kosa ni kumlaumu mtoto.

Sasa fikirini juu ya mji huu. Tangu 2022 vita vilisukuma maelfu kwa maelfu ya familia hadi Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, wakalala juu ya mawe ya volkano chini ya shiti. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya Goma yenyewe, na baada yake kambi zikafumuliwa, watu wakabeba tena mizigo. Mwanamke aliyepita hayo, akiona nywele zake zinatoka kwa mafungu miezi mitatu baadaye, hana haja ya kumtafuta aliyemroga. Mwili wake unasimulia tu yale aliyoyapita. Nywele hizo kwa kawaida zinarudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi, maadamu chakula kinarudi na pigo halirudi. Dawa yake ni maharagi, sambaza, sombe, yai likipatikana, na usingizi. Tunajua ni rahisi kuandika hivyo kuliko kuvipata.

Kwa mtoto mdogo jambo ni zito zaidi. Nywele zikigeuka nyekundu, zikawa laini na chache, zikitoka bila kuumia ukizivuta, pamoja na miguu kuvimba, huyo ana bwaki. Asipelekwe kwa msusi wala kwa mfumu, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Na mtoto wa shule mwenye duara tupu zenye magamba kichwani, nywele zimekatika kama zimetafunwa, ana choa, ambayo wengine wanaiita mapunye. Hiyo ni kuvu, inaambukiza kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea isiyosafishwa. Pomadi ya juu juu haitoshi, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele. Inahitaji vidonge, kama griseofulvini, kwa majuma sita hadi nane. Tofauti na hiyo ni mabaka laini yasiyo na magamba, yanayotokea ghafula: hapo kinga ya mwili yenyewe inashambulia vifuko. Mara nyingi yanarudi bila dawa. Vilevile tezi ya shingo ikiwa mgonjwa, nywele zinakuwa chache na kavu; wazee wetu wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida kisiwani Idjwi, mpaka waganga kutoka Ubelgiji wakaja kulichunguza katika miaka ya 1960, na chumvi yenye iodini ikajulikana.

Wanaume tutawapitia haraka, maana wao wana wembe. Upara wao mwingi ni wa kuzaliwa nao, unatoka upande wa baba na upande wa mama pia, si wa mjomba peke yake. Kuna dawa mbili zinazojulikana. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha na kuruhusiwa Marekani kwa nywele mwaka 1988, inapakwa kila siku. Inachukua miezi minne ao sita kabla ya kuonyesha kitu, na ukiiacha, nywele ilizozilinda zinakwenda zake. Finasteridi ni ya kumeza, iliruhusiwa kwa upara mwaka 1997, na haifai kabisa kwa mwanamke mwenye mimba. Mwanamume anayetaka kutumia makuta yake huko, ni shauri lake na munganga wake. Zamani mzee mwenye upara aliketi mbele. Hatuoni kwa nini ashuke.

Lakini binti wa miaka 14 hakuzaliwa na upara. Tulimpatia sisi. Na matibabu yake ya kwanza hayauzwi popote: ni kufungua. Fungua msuko unaouma, leo, hata kama ulilipwa jana. Uchungu ni alama ya hatari, tena ni alama inayokuja mapema, na kumfundisha mtoto kuuvumilia ni kumziba masikio nyumba inapoungua. Msuko usizidi majuma sita ao manane, kisha kichwa kipumzike. Meshi ziwe chache na fupi. Mistari ya mbele ianzie nyuma kidogo, iache nywele za ukingo. Asisukwe juu ya nywele zilizonyooshwa kwa dawa majuzi. Vipele vikiwapo, munganga anaweza kutoa dawa ya kutuliza uvimbe ao ya kuua wadudu wake. Minoksidili nayo imewasaidia wengine walionyonyoka panja, ila mwenye mimba na anayenyonyesha wasiiguse. Nywele zinaota kama sentimeta moja kwa mwezi, basi mwenye kuacha kukaza leo asitazame kioo kesho, angoje miezi. Akiwa amekawia mpaka ngozi imekuwa laini na inang'aa, bila vitundu, ukweli ni kwamba hakuna mafuta yatakayofufua kitu pale.

Ukweli huo ndio wasiousema wale wanaouza chupa. Tunasikitika kuona mama anakataa kufungua msuko wa dola kumi, halafu anatoa dola ishirini kwa mafuta yenye picha ya mwanamke mwenye nywele mpaka magotini. Mafuta ya mbarika yanalainisha unywele, ni mazuri kwa kazi hiyo, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba yanaotesha. Juu ya maji ya kitunguu, wauzaji wanapenda kusema "wataalamu wamethibitisha". Uko utafiti mmoja mdogo wa Baghdad, wa mwaka 2002, nao ulihusu yale mabaka ya ghafula tuliyoyataja, ugonjwa mwingine kabisa. Kichwa kilichovutwa hakiwezi kuponywa kwa kitunguu huku kingali kinavutwa.

Tunajua jibu tutakalopewa: mnataka kunyang'anya watu mkate. Kusuka ndiyo kazi ya bamama wengi wa mji huu, hasa waliokimbia mashamba yao Rutshuru na Masisi wakafika hapa na mikono mitupu; kiti, kitana na vidole vinatosha kuanza. Hoja hiyo ni ya kweli na tunaiheshimu kuliko ile ya mababu. Ila msusi anayelegeza hapotezi kazi. Msuko mlegevu unafunguka mapema, mteja anarudi mapema, na kichwa chenye nywele kitasukwa miaka 40, wakati kichwa chenye panja tupu kinahamia kwenye kitambaa na wigi. Kinachopaswa kubadilika ni bei. Tuache kulipa dola kumi kwa msuko wa miezi mitatu, tulipe kidogo kidogo kwa misuko ya mwezi mmoja, na misuko ya uzi irudishiwe heshima yake kwa bei inayomlisha anayeifanya.

Chama chetu kina sauti mahali patatu, na tunaomba itumike. Kwanza ni kwenye maonyesho ya mila, ambapo mwaka baada ya mwaka wasichana wanapandishwa jukwaani na meshi za plastiki zilizokazwa mpaka nyusi zimeinuka, na msemaji anatangaza "msuko wa asili". Tangazo hilo likome, ao msuko ubadilike. Pili ni shuleni. Shule inayotaka wasichana wote wasukwe kwa namna moja ifikapo Jumatatu iruhusu pia nywele zilizokatwa fupi, bila kumwita mtoto mchafu. Tatu ni kwenye harusi, ambapo shangazi wa bibi arusi ndiye anayesimama nyuma ya kiti na kuamuru "kaza tena". Shangazi huyo anatusikiliza. Katika mikutano yetu yeye ndiye anayeketi mstari wa mbele, na kitambaa chake amekishusha hadi kwenye nyusi.